Mchanga Kwanza, Maji Baadaye

"Mwalimu, sehemu kali inataka vitu vitatu tu," kijana mmoja aliniambia mjini Kitui. "Mtu afe, droni iruke, pesa ziwepo."

Tulikuwa tumeketi chini ya mti, yeye na wenzake sita, vijana wanaoandika michezo na kuirekodi kwa simu zao. Nilikuwa nimewauliza swali moja: ni nini kinachoifanya sehemu moja ya tamthilia ya runinga, moja tu kati ya makumi, isifiwe na watu wengi na ikumbukwe miaka na miaka? Aliyejibu alikuwa mmoja, lakini vichwa vyote viliitikia. Na kwa kuwa hawakuwa na droni wala pesa, walikuwa wameshajihukumu: kazi kubwa ni ya watu wa mbali, sisi wa huku tubaki na vichekesho.

Simlaumu. Alikuwa akirudia anayoyasikia kila siku kwa watayarishaji wa vipindi, kwa wanaopanga ratiba za vituo, na kwa watazamaji wenyewe wanapobishana kwenye matatu. Ndiyo imani iliyotawala. Mimi nasema imani hiyo si kweli, na madhara yake huku Kitui na Makueni ni makubwa kuliko tunavyokiri, kwa sababu inamfanya mtu mwenye hadithi aamini kwamba hana kitu.

Niitendee haki kwanza, maana wanaoishikilia si wajinga. Watakwambia utazame "Battle of the Bastards", ile sehemu ya Game of Thrones ya mwaka 2016: farasi, matope, mamia ya watu uwanjani, na tuzo zikafuata. Watakwambia utazame jinsi kifo cha mhusika mpendwa kinavyowafanya watu wapigiane simu usiku. Watakwambia kituo cha runinga kinahitaji watazamaji leo jioni, na mtangazaji wa sabuni hangoji mtu akomae. Haya yote nayakubali. Kifo hushtua, na pesa hurahisisha kazi.

Lakini hoja yao inachanganya mambo mawili, kuvuma na kusifiwa. Kinachovuma kinatikisa mji usiku mmoja, na kufikia Ijumaa watu wana habari nyingine. Kinachosifiwa hurudiwa. Mtu anaitazama sehemu ileile baada ya miaka mitano, anajua nani atakufa na nani atasaliti, na bado koo linamkaba. Mshtuko hauwezi kazi hiyo, kwa kuwa mshtuko hutumika mara moja tu kama njiti ya kiberiti. Basi tuulize: njiti ikishazima, kinachobaki kikiwaka ni nini?

Jibu langu nimelipata katika mito yetu.

Aliyezaliwa Kitui au Makueni hahitaji kuelezwa bwawa la mchanga, lakini nitalieleza kwa ajili ya msomaji wa mbali. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikikatika, mto hubaki barabara ya mchanga. Watu wa mwethya, yaani kikundi cha wanakijiji wanaosaidiana kazi, huukata mto huo kwa ukuta wa mawe na saruji uliosimama juu ya mwamba. Mvua ikija, mafuriko hubeba mchanga na tope kwa pamoja. Tope jepesi huruka ukuta na kwenda zake, na mchanga mzito hutua nyuma yake. Msimu baada ya msimu mchanga hupanda mpaka ukafika ukingoni. Kati ya punje na punje maji hujificha, jua lisiyanyonye, na yanaweza kufika robo ya ujazo wote, hata asilimia 40. Shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa haya tangu miaka ya 1990.

Halafu unakuja mwezi wa Septemba, mbuzi wanakula magome. Mama anashuka mtoni na jerikeni yake, anapiga magoti, anafukua mchanga kwa kibuyu kilichokatwa. Dhiraa moja chini, mchanga unabadilika rangi, na maji yanaanza kuchuruzika polepole, masafi. Mgeni aliyesimama ukingoni atalisifu shimo. Atadhani mama ana mkono wenye baraka. Kumbe maji yale hayakutoka katika shimo. Yaliwekwa pale na mvua za miaka iliyopita na watu waliobeba mawe mabegani.

Ndivyo ilivyo sehemu ya tamthilia inayosifiwa. Sisi tunaliona shimo na hatuioni misimu. Tunakisifu kifo, chozi na kofi, tukisahau kwamba vyote hivyo ni kibuyu kinachofukua. Sehemu bora haiundwi siku inayorekodiwa. Huundwa na yale ambayo mtazamaji ameshayajua kabla haijaanza.

Wajenzi wazoefu wana onyo moja zaidi. Ukuta usipandishwe wote kwa mkupuo. Ukiwa mrefu mno tangu siku ya kwanza, maji hutulia nyuma yake, tope nalo likatua pamoja na mchanga, na bwawa likajaa matope yasiyotoa maji. Nikitazama tamthilia zetu nyingi za miaka hii, naona ukuta uliopandishwa kwa mkupuo: mauaji sehemu ya kwanza, utekaji nyara ya pili, pacha aliyepotea ya tatu. Kila sehemu inapiga kelele kuliko iliyotangulia, na hakuna hata moja inayomwacha mtu atulie tukamjua. Akifa katika sehemu ya kumi, amekufa mtu tusiyemfahamu. Tunashtuka, halafu tunalala.

Wapinzani wangu watatoa ushahidi wao mkuu, nami naupokea kwa mikono miwili: "Ozymandias", sehemu ya Breaking Bad iliyorushwa Marekani tarehe 15 Septemba 2013, ambayo wengi huitaja kuwa miongoni mwa sehemu bora kuliko zote zilizowahi kurushwa. Iliandikwa na Moira Walley-Beckett na kuongozwa na Rian Johnson. Watasema: si unaona? Kuna maiti jangwani, kuna kisu sebuleni, kuna mtoto mchanga anayenyakuliwa kutoka kwa mama yake.

Naona. Lakini nionyeshe na mimi nilipopasuka moyo. Ni kwenye simu. Walter White, mwalimu wa kemia aliyegeuka mpishi wa dawa za kulevya, anampigia mkewe Skyler akijua kwamba polisi wamo nyumbani wanasikiliza. Anamtukana. Anamwita mjinga, anamtishia, anajigamba kwamba kila kitu alikifanya peke yake. Maneno ni ya mnyama. Uso wake, ambao mkewe hauoni ila sisi tunauona, umelowa machozi. Matusi yale ni zawadi, ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumwondolea mkewe hatia mbele ya polisi. Na taratibu, akiwa ameshika simu sikioni, mke anaelewa anachopewa.

Hebu sasa mchukue mtu ambaye hajawahi kuitazama tamthilia hiyo, umwonyeshe dakika hizo tu. Atamsikia mume katili akimtukana mkewe. Basi. Hatalia, kwa sababu hana cha kulilia. Ile ilikuwa sehemu ya 60, na machozi yake yaliwekwa akiba katika zile 59 zilizoitangulia. Hapo hakuna droni wala mlipuko. Kuna mtu na simu, na miaka mitano ya mchanga chini yake.

Kama hilo halitoshi, mtazameni mwongozaji huyohuyo katika tamthilia hiyohiyo miaka mitatu nyuma. Mwaka 2010 Rian Johnson aliongoza sehemu iitwayo "Fly". Fedha za msimu zilikuwa zimepungua, ikabidi itengenezwe sehemu ya gharama ndogo. Karibu yote imo ndani ya maabara moja, wanaume wawili wanamfukuza nzi. Wapo walioichukia wakisema hakuna kinachotokea. Wapo wengi wanaoihesabu miongoni mwa bora za tamthilia nzima, na mimi ni mmoja wao, kwa sababu usiku unapokwenda na usingizi unapomlemea, Walter anakaribia kumwungamia mwenzake jambo ambalo sisi tunalijua na mwenzake halijui. Neno moja tu likimponyoka, watamalizana. Nzi anaruka, ngazi inatikisika, sisi tumeziba midomo. Umaskini wa bajeti haukuiua sehemu ile. Uliwafungia watu wawili chumbani pamoja na siri yao, na hilo ndilo jambo ambalo mwandishi yeyote wa Mwingi au wa Wote anaweza kulifanya bila kumwomba mtu shilingi.

Najua jibu litakalofuata. "Mwalimu, hao wana sehemu 59 za kuweka mchanga. Sisi tukipewa kipindi kimoja tunashukuru." Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake liko nyumbani kwetu.

Mkumbuke Vioja Mahakamani, kile kipindi cha runinga cha kesi za kuigiza. Nilikulia katika boma ambalo jirani yetu mmoja alikuwa na runinga ndogo ya rangi nyeupe na nyeusi, ikitumia betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa, imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Ilikuwa bado ni enzi ya kituo cha Sauti ya Kenya, kabla haijabadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Jioni ya Vioja, watoto walikaa chini mbele, wazee kwenye viti, akina mama nyuma wakiwa na kazi zao mikononi. Kilichoonekana kilikuwa chumba kimoja: hakimu, kiongozi wa mashtaka, mshtakiwa kizimbani, shahidi mbishi. Kila kipindi kilikuwa na kesi yake, kikaanza na kwisha. Hakukuwa na misimu mitano nyuma yake. Na bado wazee waliokuwa wakicheka walinyamaza ghafla, na kesho yake kisimani kesi ilisikilizwa upya, kila mtu akitoa hukumu yake.

Mchanga ule ulitoka wapi? Ulitoka kwa wenyewe waliokaa pale uani. Hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kesi ya mpaka, au ng'ombe aliyeingia shamba la mwenzake, au mahari iliyolipwa nusu. Waliijua hofu ya kusimama mbele ya mtu mwenye faili. Waandishi wa Vioja hawakuhitaji kuweka mchanga kwa sehemu hamsini, kwa kuwa maisha yalikuwa yameshauweka. Kazi yao ilikuwa kujua pa kuchimba.

Mtoto wa Mulango, Kitui, John Mbiti, aliyekusanya ngano za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966, aliandika miaka mitatu baadaye kitabu ambacho kwacho aliyapeleka maneno mawili ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya dunia: Sasa na Zamani. Wataalamu wamebishana naye kuhusu mengi, na wana haki. Mimi nashika moja. Kwa Mbiti, Zamani si takataka iliyotupwa nyuma. Ni bahari ambamo kila jambo linakwenda kuhifadhiwa, na ndiyo inayoipa Sasa msingi. Kwangu mimi hiyo ni elimu ya uandishi wa tamthilia iliyokamilika. Sehemu dhaifu ina Sasa tupu: kofi limepigwa, gari limelipuka. Sehemu kuu ni ile ambamo Zamani inapanda juu na kuketi mezani pamoja na walio hai, nao wanaendelea kumimina chai kana kwamba hawaioni.

Wapinzani wana mtu wao pia kutoka huku kwetu. Watamtaja David Maillu wa Kilungu, Makueni, aliyeuza vitabu vingi miaka ya 1970 hadi wasomi wakakasirika, na watasema aliuza kwa mshtuko wa mambo ya chumbani. Aliwashtua watu, sikatai. Lakini kichukue My Dear Bottle cha mwaka 1973. Ni mlevi mmoja anazungumza na chupa yake. Humo hamna bastola wala gari linalofukuzana na jingine, ni sauti tu ya mfanyakazi wa mjini aliyechoka, na kila karani wa Nairobi aliyepanda basi jioni aliisikia kama yake. Mshtuko peke yake haumfanyi mtu anunue kitabu na kumpa rafiki. Alichowapa Maillu ni kutambulika, na mtu akijikuta ametambulika hasahau.

Sasa nifike panaponiuma zaidi, lugha. Imani hii ya droni na kifo ina ndugu yake: kwamba lafudhi yetu Wakamba wa huku Kitui na Makueni ni ya kuchekesha. Kwa miongo mingi runinga ya Kenya imewagawia watu kazi kwa lafudhi zao. Herufi ya "r" ikigeuka "l" mdomoni mwa mhusika, mtazamaji ameshaambiwa acheke. Sivisemi vibaya vichekesho. Alipofariki Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa Vitimbi, mwaka 2015, na Charles Bukeko wa Papa Shirandula mwaka 2020, nchi nzima ilihisi msiba, kwa sababu vichekesho vyao vilikuwa vimeweka mchanga wa miaka mingi. Ninachokikataa ni sheria isiyoandikwa kwamba mtu wa Ukambani akiongea kama anavyoongea kwao, hawezi kuumia tukamwamini.

Ndiyo maana Julai 2022 ilikuwa na maana kwangu. Tarehe 15 mwezi huo Netflix ilitoa Country Queen, tamthilia ya Kenya ya sehemu sita: Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, anarudi katika kijiji cha Tsilanga baada ya miaka kumi, baba yake mgonjwa, na kampuni ya uchimbaji wa dhahabu imeikodolea macho ardhi ya watu wake. Ndani yake, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, mna Kikamba. Niliitazama kwa mama yangu, kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Ulikuwa msimu wa mbaazi. Mama alikuwa na ungo mapajani, akimenya, macho yakienda kwenye kioo na kurudi kwenye ungo kama mtu anayeangalia jambo lisilomhusu. Kisha mtu mzima kwenye kioo akasema kwa Kikamba, taratibu, bila kuchekesha. Vidole vya mama vikasimama. Ganda la mbaazi lilibaki limefunguka nusu mkononi. Hakusema kitu mpaka sehemu ile ikaisha, halafu akaniuliza swali moja tu: "Na hilo shamba, wana karatasi yake?"

Tafadhali lipimeni swali hilo. Mama hakuuliza tamthilia imegharimu kiasi gani. Hakuuliza juu ya picha zilizopigwa kutoka angani. Aliuliza juu ya hati ya shamba, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka kumi watu wa Bonde la Mui, huko Kitui, wamekuwa wakiishi na habari za makaa ya mawe yaliyo chini ya mashamba yao, wasijue wajenge nyumba ya kudumu au wasubiri kuhamishwa. Kwa kuwa jirani zao wa Makueni waliona mito ikikwanguliwa mchanga na malori hadi kaunti ikatunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Tamthilia ilichimba kidogo tu, na maji yakapanda, kwa sababu mchanga ulikuwepo na mfereji wa kuufikia ulikuwa lugha ya mama.

"Lakini ile ilikuwa pesa ya Wajerumani na ya Netflix!" Kweli, na sitajifanya sijui. Ila tazameni pesa ilinunua nini na haikununua nini. Ilinunua ofisi za vioo za Nairobi, magari na mavazi, na hayo ndiyo niliyoyasahau mapema. Swali la mama halikununuliwa na mtu. Na kama mnataka ushahidi usio na pesa nyingi, upo, na uko Kitui hiihii. Kisilu Musya, mkulima, alipewa kamera ndogo akarekodi maisha ya familia yake kwa miaka mitano, kwa kushirikiana na mwongozaji Julia Dahr wa Norway. Filamu yao, Thank You for the Rain, ilitoka mwaka 2017 na ikazunguka dunia. Si tamthilia, ni filamu ya matukio halisi, lakini inafundisha jambo lilelile. Dhoruba inapoharibu nyumba yake, kamera iko mikononi mwake mwenyewe, inatikisika, na baba anatazama mabati ambayo anajua aliyanunua kwa jasho gani. Baadaye tunamwona Paris, katika mkutano wa tabianchi wa mwaka 2015, akiwa miongoni mwa watu wa suti, na sisi tunaijua ile nyumba. Hao wa suti hawaijui. Hapo ndipo penye uzito wote.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni kwamba watu wa leo hawana subira. Wamezoea video za sekunde thelathini, hivyo mpe mtazamaji mshtuko kila dakika ama atakimbia. Nawaomba wanaosema hivyo waje wakae katika baraza la kesi ya ardhi kule Mutomo au Kathonzweni. Watu hukaa tangu asubuhi hadi jua linapoinama, wakimsikiliza mzee akieleza mti uliokuwa alama ya mpaka kabla haujakatwa. Hakuna anayeondoka. Waende mahakamani Tawa au Kilungu waone madirisha yalivyojaa vichwa vya watu wasio na kesi. Mwaka 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa na vituo vikubwa vikatoweka hewani kwa majuma kadhaa, watu wetu walirudi kwenye redio na kusikiliza michezo ya sauti tupu. Subira wanayo. Wanachokataa ni kusubiri kitu kisichowahusu.

Basi nawaomba jambo wale wenye madaraka. Kanuni za utangazaji zinataka sehemu kubwa ya vipindi iwe ya humu nchini. Ni kanuni njema, lakini zinahesabu saa. Kituo kinaweza kutimiza saa zake zote kwa tope. Wanaogawa fedha na tuzo, na kaunti zetu mbili zinazopenda kutaja vipaji vya vijana katika hotuba, waanze kumlipa mwandishi kabla ya kumlipa mwenye kamera. Wampe miezi ya kukaa na wahusika wake. Wamwulize, "Mtu huyu anaficha nini, na nani anajua?" kabla ya kumwuliza, "Una vifaa gani?" Na wakome kumwambia mwigizaji wa Kibwezi asafishe lafudhi yake ili achukuliwe kwa uzito.

Narudi chini ya mti. Siku ile sikubishana na yule kijana kwa maneno. Nilimwomba aandike kitu kifupi: watu wawili, mahali pamoja, hakuna anayekufa. Wiki mbili baadaye alirudi na kurasa nne, akazisoma kwa sauti mbele ya wenzake.

Mwanamke anaingia dukani kukopa sukari. Mwenye duka ni shemeji yake. Kabla ya hapo, katika ukurasa wa kwanza, tumeshamwona mwanamke huyo akipita kando ya shamba lililozungushiwa waya mpya, shamba ambalo marehemu mumewe alikuwa akililima. Sasa amesimama mbele ya kaunta. Shemeji anapima kilo moja, anaifunga, anaifikisha mkononi mwake. Anafungua daftari la madeni, anatafuta jina lake, anashika kalamu. Halafu analifunga daftari bila kuandika kitu. Hapo mwanamke anasema: "Usidhani sijui ulivyoliuza lile shamba."

Kijana alinyanyua macho. Msichana mmoja, ambaye siku ya kwanza hakuwa amesema lolote, alikuwa anatikisa kichwa.

"Huo mstari wa mwisho ufute," alimwambia. "Hakuandika. Tushajua."

Yule kijana aliutazama ukurasa wake kwa muda. Kisha akaomba kalamu.